Kura Yako ya Kwanza: Kutoka Kitambulisho hadi Fomu Mlangoni

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Tarehe hiyo haikupangwa na serikali wala na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC. Katiba ya 2010 ndiyo iliyoiweka: Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Kwa hivyo hakuna atakayesema alishtukizwa. Kama hujawahi kupiga kura, yale utakayofanya kati ya leo na siku hiyo ndiyo yatakayoamua kama kura yako itahesabiwa. Wengi huamini kura hupotea usiku wa kuhesabu. Nyingi hupotea mapema, tena bila mwizi yeyote: kitambulisho hakikuchukuliwa, jina limeandikwa kituo kilicho mbali na anakoishi mtu, au karatasi imetiwa alama mbili.

Mpiga kura wa mara ya kwanza si lazima awe kijana wa miaka 18. Wamakonde wa Kwale walikaa nchini miongo mingi bila uraia. Serikali ilipowapa vitambulisho, wengi wao walipiga kura kwa mara ya kwanza Agosti 2017, na walikuwemo wazee wenye wajukuu. Wapemba wa Kilifi na Kwale walitambuliwa mwaka 2023, kwa hivyo uchaguzi mkuu wao wa kwanza wakiwa raia kamili ni huu wa 2027. Mwongozo huu ni wao pia.

Sheria ya Kenya haimlazimishi mtu kupiga kura. Kifungu cha 38 cha Katiba kinasema ni haki ya kila raia mtu mzima kusajiliwa na kupiga kura kwa siri. Lakini mimi nauita wajibu, na sababu zangu ni za hesabu. Mwaka 2022 waliokuwa kwenye sajili walikuwa 22,120,458, na zaidi ya milioni 7 kati yao hawakufika kituoni. Pwani ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizojitokeza kwa uchache kabisa. Aliyetangazwa rais alimshinda aliyemfuata kwa kura 233,211. Ukiwapanga waliobaki nyumbani upande mmoja na tofauti hiyo upande wa pili, utaona ni nani hasa aliyeamua.

Hesabu nyingine ni ya tarehe 25 Juni 2024. Siku hiyo wabunge 195 waliukubali Mswada wa Fedha, ule wa kodi, na 106 wakaukataa, huku vijana wakiandamana barabarani kuupinga. Rais aliurudisha kesho yake, lakini baada ya watu kuuawa. Wabunge wale hawakushuka kutoka mbinguni. Kando ya wachache walioteuliwa na vyama, kila mmoja aliingia kwa karatasi ya kura, na karatasi hiyo ni miongoni mwa sita utakazopewa. Barabarani gharama ilikuwa roho za watu. Kituoni gharama ni saa chache za kupanga foleni.

Hatua ya kwanza: kitambulisho

Bila kitambulisho cha taifa au pasipoti halali ya Kenya, huwezi kusajiliwa. Nakala haikubaliki, picha ya simuni haikubaliki, wala ile karatasi unayopewa ukisubiri kitambulisho kitoke. Ukitimiza miaka 18, usingoje makarani wa usajili wafike mtaani kwenu. Nenda ofisi ya usajili wa watu au kituo cha Huduma ukiwa na cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi. Kama huna cheti cha kuzaliwa, anza hapo, kwa sababu kukipata kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kitambulisho chenyewe.

Ukishapigwa picha na kutoa alama za vidole, rudi ukaulize. Vitambulisho vingi huwa vimekwisha kutengenezwa na vimelala ofisini kwa sababu mwenyewe hakurudi. Mwulize pia chifu wenu.

Kikishafika mkononi, kilinde. Kuna watu huweka kitambulisho rehani dukani au kwa mkopeshaji, na siku ya kura hawana cha kuonyesha. Kuna wanaokiacha kwa mlinzi wa lango la jengo na kuondoka wakisahau. Na kuna ubaya zaidi: msimu wa kampeni hutokea mtu anayekusanya vitambulisho akitoa pesa kidogo au akiahidi msaada. Huyo hakutakii mema. Mara nyingi nia yake si wewe umpigie kura mgombea wake, ni usipige kabisa. Kumpokonya mtu kitambulisho ili asipige kura ni kosa la jinai, na hata anayekitoa kwa hiari ameuza sauti yake ya miaka mitano.

Hatua ya pili: chagua mahali kabla ya kujisajili

Hapa ndipo wapiga kura wapya hukosea zaidi, na makosa yake hayaonekani hadi Agosti ifike.

Kenya hupigi kura popote ulipo. Unapiga katika kituo kimoja tu, kile ulichosajiliwa. Mwanafunzi wa chuo anayesajiliwa Eldoret kwa sababu makarani walikuja chuoni, kisha Agosti akawa likizoni kwao Lamu, amejinyima kura mwenyewe. Kijana anayefanya kazi Nairobi aliyesajiliwa ushago kwa sababu babake alitaka hivyo, atalazimika kusafiri wiki ambayo nauli hupanda na magari hujaa. Jiulize swali moja tu: Jumanne ile ya Agosti nitakuwa wapi kwa hakika? Si wapi nyumbani, si wapi ukoo wangu una mgombea. Utakuwa wapi?

Baada ya swali hilo kuna la pili, na hili ni la dhamira. Ni wapi unakotumia barabara, hospitali, soko na maji? Ukiishi Mtwapa miaka minne, gavana wa Kilifi na mwakilishi wa wadi yako ndio wanaohusika na taka zinazorundikana nje ya mlango wako. Ukiwa umesajiliwa kwingine, huna la kuwafanya, na wao wanajua. Naheshimu wanaorudi kwao kupiga kura kwa sababu ardhi yao na wazee wao wako huko. Lakini wengi hurudi kwa mazoea, wakati mji wanaoishi unaendeshwa na watu waliochaguliwa na wengine.

Kama umeshasajiliwa mahali usipopataka, usijisajili mara ya pili. Ni kosa kisheria, na alama za vidole zitakuumbua. Omba uhamisho: nenda mwenyewe na kitambulisho chako hadi ofisi ya IEBC ya eneo bunge unalohamia, ujaze fomu. Uhamisho nao hufungwa usajili unapofungwa.

Walio ng'ambo nao wana nafasi, ingawa ni nyembamba. Mwaka 2022 Wakenya walipiga kura katika nchi 12, zikiwemo Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi, Qatar na Umoja wa Falme za Kiarabu, lakini walichagua rais peke yake. Ukiwa Doha au Dar es Salaam, fuatilia matangazo ya ubalozi mapema.

Hatua ya tatu: jisajili

Usajili wa kila siku ulifunguliwa tena tarehe 29 Septemba 2025 katika ofisi za IEBC za maeneo bunge. Kipindi cha usajili wa pamoja kikitangazwa, makarani huzunguka mitaani, sokoni na vyuoni. Hakuna malipo. Utatoa kitambulisho, utaulizwa kituo unachotaka, utapigwa picha, utaweka vidole kwenye mashine. Siku hizi na mboni za macho huchukuliwa. Yote hayo hayafiki nusu saa kama foleni ni fupi.

Kabla hujaondoka, soma kile karani alichoandika. Tazama herufi za jina lako, nambari ya kitambulisho tarakimu moja moja, na jina la kituo. Shule mbili zenye majina yanayofanana katika wadi mbili tofauti zimewapoteza watu wengi. Ukiona kosa, lisahihishwe papo hapo. Karani hatachukia, na hata akichukia, kura ni yako. Utapewa karatasi ndogo ya kuthibitisha. Iweke, ingawa siku ya kura hutaihitaji.

Usijiambie kwamba ungali na wakati. Sajili hufungwa kabla ya uchaguzi, na foleni za wiki ya mwisho ni ndefu kila mara. Aliyetimiza miaka 18 baada ya sajili kufungwa atasubiri hadi 2032.

Hatua ya nne: kagua jina

Kabla ya kila uchaguzi mkuu Tume huifungua sajili kwa siku 30 ili watu wakague majina yao. Mwaka 2022 ulikuwa unatuma nambari ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa kwa ujumbe mfupi kwenda 70000, unajibiwa kwa jina na kituo. Wakati huo ukifika tena, kagua lako na la mama yako ambaye hana simu ya kisasa. Jina likikosekana au kituo kimebadilika, nenda ofisi ya eneo bunge wakati huo huo. Malalamiko ya siku ya kura hayana dawa.

Kuna ukaguzi mwingine watu huusahau: chama. Wakenya wengi wamejikuta wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama wasivyovijua. Ofisi ya Msajili wa Vyama vya Kisiasa ina huduma ya kuangalia, na unaweza kujiondoa. Jambo hili lina uzito kwa sababu ya mchujo. Katika maeneo ambako chama kimoja kina nguvu, anayeshinda mchujo ameshamaliza kazi, na Agosti huwa ni kuthibitisha tu. Kama unaishi sehemu kama hiyo na unataka sauti yako iwe na maana, amua mapema kama utaingia chamani na kushiriki mchujo.

Hatua ya tano: zijue kura zako sita

Ningekuwa na nafasi ya kumfundisha kijana jambo moja tu, ningechagua hili. Mtaani mazungumzo yote ni ya urais. Kituoni utapewa karatasi sita, na tano kati yake ni za watu unaoweza kukutana nao njiani.

Ya rais unaijua. Ili ashinde duru ya kwanza, mgombea lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa nchini na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47.

Gavana anaongoza kaunti. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, chekechea, maji, masoko, taka, zimamoto, barabara za kaunti, kilimo na uvuvi, yote yamo mikononi mwake. Dawa zikikosekana kwenye zahanati yenu, usimwendee mbunge. Polisi na walimu wa shule za msingi na sekondari ni wa serikali ya kitaifa. Kwa hayo usimlaumu gavana. Mgombea ugavana anayekuahidi kuajiri walimu wa sekondari, ama hajui kazi anayoomba ama anakudanganya. Vyote viwili vinatosha kumnyima kura.

Seneta anazilinda kaunti huko Nairobi. Seneti hushiriki kugawa pesa baina ya kaunti, na gavana akishtakiwa na bunge la kaunti, ni Seneti inayoamua kama ataondoka.

Mbunge wa eneo bunge hutunga sheria za nchi, kupitisha bajeti na kodi. Kuna maeneo bunge 290. Watu humpima mbunge kwa basari na michango ya harambee. Mimi ningeomba umpime kwa namna alivyopiga kura bungeni, kwa sababu kodi ya unga na mafuta haipitii harambee. Kama anatetea kiti chake, tafuta alikuwa upande gani tarehe 25 Juni 2024. Rekodi za Bunge ziko wazi kwa umma.

Mwakilishi wa wanawake huchaguliwa na kaunti nzima, wanaume kwa wanawake, na ana kura Bungeni sawa na mbunge yeyote. Wapo 47. Karatasi hii hupigwa kwa kubahatisha kuliko zote, na haistahili.

Halafu mwakilishi wa wadi, ambaye wengi humwita MCA. Wadi ni 1,450. Yeye na wenzake ndio hupitisha bajeti ya kaunti na ile sheria ya fedha ya kaunti inayopanga ushuru wa soko, ada ya maegesho na leseni ya kibanda chako. Mama muuza mboga anayelipa ushuru kila asubuhi anaguswa na mtu huyu kabla hajaguswa na rais. Na kwa kuwa wadi ni ndogo, kura yako moja hapa ina uzito kuliko kwingine kote. Anza kuwafuatilia wagombea wa wadi mapema. Nenda kwenye mikutano ya maoni ya umma kuhusu bajeti ya kaunti, uone nani huhudhuria na nani huonekana mwaka wa kampeni peke yake. Waulize mambo yenye jibu: soko letu litapata paa mwaka gani wa bajeti, na pesa zitatoka fungu lipi? Anayejibu kwa wimbo wa chama amekujibu tayari.

Andika majina sita kwenye karatasi usiku mmoja ukiwa umetulia. Hata nafasi moja ikikushinda kuamua, unaruhusiwa kuiacha wazi. Karatasi ile haitahesabiwa, na zile nyingine tano zitabaki salama.

Wanaokuja na bahasha, na wanaokuja na amri

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na wanasiasa wamelishika neno hilo vilivyo. Watakuja na noti, unga, leso, fulana. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamshika anayetoa na anayepokea. Zaidi ya hapo, Katiba inasema aliyehukumiwa kwa kosa la uchaguzi hasajiliwi kuwa mpiga kura kwa miaka mitano. Sitamkemea mwenye njaa kutoka kwenye kiti changu. Ninachomwambia ni kwamba anayenunua lazima arudishe gharama zake, na atazirudisha kutoka kwa ile ile dawa ya zahanati.

Amri nazo hutoka mbali na karibu: baba, mume, mzee wa mtaa, kiongozi wa dini, mwajiri. Kwa hao jibu lako ni siri ya kura. Waulize wazee wenu habari za mlolongo wa mwaka 1988, wakati wapiga kura wa mchujo wa KANU, chama pekee wakati huo, walipopangwa foleni hadharani nyuma ya wagombea wao. Kila mtu alimwona mwenziwe, na bado waliokuwa na foleni fupi walitangazwa washindi. Kibanda cha kadibodi utakachosimama ndani yake kipo ili hayo yasikupate. Ukiingia hapo, hakuna baba, mume wala bosi. Ukitoka, si lazima umwambie mtu ukweli wala uongo, nyamaza.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Siku hiyo ni ya mapumziko, kwa hivyo kazi si kisingizio. Ukiwa ndani ya foleni saa kumi na moja ikigonga, utapiga kura hata kama zamu yako itafika usiku, usikubali kufukuzwa.

Beba kitambulisho au pasipoti uliyojisajilia. Beba maji na kitu cha kutafuna, kofia au leso ya kujifunika jua. Usivae fulana wala kofia ya mgombea. Wajawazito, wanaonyonyesha, wazee na watu wenye ulemavu hupitishwa mbele, na kama wewe ni mmoja wao usione haya kusogea. Kama foleni haiendi, vumilia. Mwaka 2022 sehemu za Kakamega na Makueni mashine zilikataa, ikabidi sajili ya karatasi itumike, na waliosubiri walipiga kura.

Shule moja inaweza kuwa na vyumba vingi vya kupigia kura, kwa sababu kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700. Majina hubandikwa nje kwa alfabeti. Tafuta chumba chako kwanza, ndipo upange foleni. Watu hupoteza asubuhi nzima kwenye mstari usio wao.

Ndani, karani wa kwanza atachukua kitambulisho chako na kukuambia uweke kidole kwenye mashine ya KIEMS. Picha yako itatokea. Kama kidole hakisomi, na kwa wanaovunja mawe au kuparura nazi hutokea sana, jaribu vingine. Vikikataa vyote, msimamizi wa kituo ana utaratibu wa kukutafuta kwa nambari ya kitambulisho mbele ya mawakala na kujaza fomu. Usikubali kuambiwa urudi nyumbani kwa sababu ya kidole. Mwite msimamizi wa kituo.

Utapewa karatasi sita. Tazama kila moja imepigwa muhuri wa Tume kabla hujaondoka mezani, kwa kuwa isiyo na muhuri hukataliwa. Mwaka 2022 rangi zilikuwa hivi: nyeupe ya rais, bluu ya gavana, njano ya seneta, zambarau ya mwakilishi wa wanawake, kijani ya mbunge, na rangi ya mchanga ya mwakilishi wa wadi. Kila mgombea ana picha, jina na alama ya chama au alama yake binafsi.

Kibandani, weka alama moja tu kwenye kisanduku cha mgombea mmoja katika kila karatasi. Vema, mkasi au alama ya kidole, vyote vinakubalika mradi nia yako ionekane wazi. Usiandike jina lako, sahihi, nambari wala ujumbe kwa mwanasiasa. Usiwatie alama wawili kwa sababu umewapenda wote. Mwaka 2022 kura 113,614 za urais zilikataliwa. Mshindi alivuka mstari wa nusu kwa takriban kura 70,000. Alama ulizoweka ovyo ni jambo zito kiasi hicho.

Ukikosea, usiikate kate na usiitumbukize. Mrudishie msimamizi, atakupa nyingine na ile ya kwanza ataifuta. Kunja kila karatasi peke yake na uitie kwenye sanduku lenye mfuniko wa rangi yake. Usiipige picha karatasi uliyotia alama: wanaonunua kura hudai picha kama risiti, na usipokuwa nayo hawana namna ya kukushika. Simu ibaki mfukoni, imezimwa.

Asiyeona au asiyeweza kutia alama mwenyewe ana haki ya kuingia na mtu anayemwamini. Mtu huyo asiwe mgombea wala wakala, na anaruhusiwa kumsaidia mpiga kura mmoja tu. Ukimsindikiza nyanya yako, tia alama pale anapotaka yeye, hata kama moyo wako unakataa.

Mwisho kidole kitapakwa wino, utarudishiwa kitambulisho, utatoka. Hesabu vitu viwili mlangoni: kitambulisho kiko mfukoni, na karatasi zote sita zimeingia. Kuna siku sita hazitimii: Mombasa na Kakamega mwaka 2022 karatasi za ugavana zilichapishwa vibaya, na watu wakaitwa tena tarehe 29 Agosti. Likitokea hivyo kwenu, rudini. Uchaguzi uliosogezwa huvutia watu wachache, na kila anayebaki nyumbani anawaongezea nguvu wanaorudi.

Hatua ya saba: fomu iliyobandikwa mlangoni

Kituo kikifungwa, kura huhesabiwa pale pale mbele ya mawakala na waangalizi, za urais zikitangulia. Matokeo ya urais huandikwa kwenye Fomu 34A, msimamizi na mawakala hutia sahihi, na nakala hubandikwa mlangoni. Fomu za vituo hujumlishwa katika 34B ya eneo bunge, kisha 34C ya taifa. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba matokeo yaliyotangazwa kituoni ndiyo ya mwisho, na hakuna wa kuyabadilisha Nairobi. Mwaka huo huo, tarehe 1 Septemba, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais, na namna matokeo yalivyosafirishwa ilikuwa kiini cha uamuzi. Ndiyo maana mwaka 2022 Tume iliweka fomu za 34A kwenye tovuti, na mwananchi yeyote aliweza kujumlisha mwenyewe.

Kwa hivyo nenda nyumbani ukapumzike, kisha kesho yake asubuhi rudi kituoni na simu. Piga picha fomu iliyobandikwa ili nambari zote zisomeke. Ifungue ile ya tovuti ya kituo chako na uzilinganishe: kura za kila mgombea, zilizokataliwa, jumla. Zikilingana, umemaliza. Zisipolingana, mpelekee picha wakala au ofisi ya mgombea yeyote siku hiyo hiyo, kwa maana muda ni mfupi: kesi ya kupinga urais hufunguliwa ndani ya siku 7 baada ya matokeo kutangazwa, na Mahakama ya Juu huamua ndani ya siku 14 baada ya kufunguliwa. Kwa viti vingine vitano, muda wa kufungua kesi ni siku 28.